Sufuria huanza na duara laini: Soma hii kabla hujamwaga mtaji wako

Iangalie vizuri sufuria iliyo jikoni kwako. Haina kiungo, haina riveti, haina mahali palipochomelewa. Ni kipande kimoja kutoka kitakoni hadi mdomoni. Sasa jiulize: bati lililokuwa bapa kama meza lilipanda vipi likawa ukuta bila kupasuka?

Siri iko kwenye duara. Kabla haijawa sufuria, ilikuwa duara bapa ya alumini, mfano wa kifuniko kisicho na kishikio. Kama duara ile ni laini na safi, sufuria inatoka. Kama ni ngumu, inapasuka ukiiona kwa macho, na pesa uliyoinunulia inarudi kwa mwenye skrapu kwa bei ya kilo.

Nakuambia haya kwa sababu sufuria ni biashara ambayo haifi. Kenya nzima inapika ugali, chai na githeri kwenye sufuria. Mwaka wa 2023, watu walipoandamana kulalamikia gharama ya maisha, walichobeba mikononi ni sufuria, na wengine wakazivaa kichwani kama helmeti. Kiwanda cha Kaluworks kule Mombasa kilianza mwaka wa 1929, na mpaka leo akina mama hununua sufuria kwa seti, ndogo ndani ya kubwa. Kwa hivyo ukiwa na wenzako watano kwenye chama na mnawaza kutengeneza kitu badala ya kuchuuza cha wengine, sufuria ni wazo la maana. Lakini kosa moja tu la ununuzi wa malighafi linaweza kuwamaliza kabla hamjauza hata moja.

Twende polepole.

Mashine inafanya nini hasa?

Duara huwekwa juu ya kalibu yenye shimo la mviringo. Pete nzito inashuka na kuishikilia pembeni. Halafu kichwa cha presi kinashuka katikati na kuisukuma ndani ya shimo. Hapa bati halikatwi wala haliyeyushwi. Linavutwa. Ukingo wa nje unatambaa kuelekea katikati, unapinda kwenye kona ya kalibu, unasimama na kuwa ukuta.

Pete ikilegea, ukingo unajikunja kama sketi ya marinda. Ikibana kupita kiasi, bati linakosa njia ya kutambaa na linapasuka, mara nyingi karibu na kona ya kitako. Ndiyo maana mafundi hupaka mafuta au sabuni maalum ili bati liteleze, halafu chombo kinaoshwa vizuri kabla hakijaenda sokoni.

Kama hamna mtaji wa presi kubwa, kuna njia ya kukereza. Duara inafungwa kwenye mashine inayozunguka, na fundi anaisukuma kwa fimbo ndefu hadi ilale juu ya umbo la mbao au la chuma. Mashine yake ni nafuu zaidi, ila inadai mkono wenye uzoefu. Njia zote mbili zinataka kitu kimoja: ulaini.

Na ulaini huu si wa milele. Chukua kipande cha waya wa alumini, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja. Mwanzoni kinakubali bila shida. Baada ya mara chache kinaanza kukataa. Mwishowe kinakatika. Alumini ikivutwa au kupindwa inakuwa ngumu, na kila hatua inapunguza uwezo wake wa kuvutwa tena. Chukulia ulaini ni kama salio la simu. Duara laini inafika kwenye presi na salio kamili, inalitumia kupanda ukuta, na inatoka ikiwa ngumu kiasi cha kutosha kubeba uji wa watu kumi. Duara ngumu ilishatumia salio lake kiwandani. Ukiivuta kidogo tu, imekwisha.

Kwa hivyo usidanganyike na muuzaji anayekugongea duara kwenye meza akisema, "Sikia ilivyo imara!" Uimara wa sufuria unakuja baada ya kuvutwa. Kabla ya hapo, kitu imara ni hasara.

Zile namba na herufi

Ukienda kuulizia duara za alumini utatajiwa namba kama 1050, 1060, 1100 na 3003. Usitishike. Zinazoanza na 1 ni alumini karibu tupu. Kwa 1050 na 1060, tarakimu mbili za mwisho zinakuambia usafi: 1050 ina alumini isiyopungua asilimia 99.5, na 1060 asilimia 99.6. Ile 1100 ina isiyopungua asilimia 99. Hizi zote huvutika vizuri na ndizo chaguo la kawaida kwa sufuria za nyumbani.

3003 imeongezwa manganizi kidogo, kati ya asilimia 1 na 1.5. Ina nguvu zaidi, kwa hivyo inafaa vyombo vinavyopata kazi ngumu, kwa mfano vya hotelini. Bado huvutika, ila inahitaji presi yenye nguvu kidogo zaidi.

Lakini namba peke yake haitoshi. Iulizie herufi inayofuata. Herufi O inamaanisha duara imepashwa moto kiwandani ikarudishiwa ulaini wake wote. Ukiona H14 au H18, hiyo imeachwa ngumu baada ya kupitishwa kwenye roli. Tofauti si ndogo. Bati la 1050 lenye herufi O likivutwa hurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika. Lile la H14 hurefuka kwa asilimia chache tu. Alumini ni ile ile na namba ni ile ile, lakini moja ni sufuria na nyingine ni bati la kutengenezea kibao cha duka.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Bati gumu mara nyingi linapatikana kwa urahisi, liko sokoni kwa kazi za mabati na mabango, na ukilitazama kwa macho linafanana na laini kabisa. Unapoagiza, andika yote mawili kwenye karatasi: namba na herufi. "1050-O." Muuzaji akisema "ni alumini tu, zote ni sawa," funga mkoba wako, muage kwa heshima.

Duara inatoka wapi

Kenya haina kiwanda cha kuzalisha alumini kutoka kwenye mawe ya boksiti. Tunaagiza kutoka nje au tunayeyusha iliyokwisha kutumika. Duara nzuri hupitia safari ifuatayo.

Kwanza, mikuo ya alumini inayeyushwa. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, lakini tanuri hupandishwa juu zaidi ya hapo. Alumini iliyoyeyuka hufyonza gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo isipotolewa inabaki ndani kama vipovu. Kwa hivyo kiwandani hupuliza gesi safi kama agoni au naitrojeni ndani yake, kisha huichuja kuondoa takataka. Kipovu ambacho huwezi kukiona kwenye bati ndicho kitakachotoboka wakati ukuta unavutwa.

Pili, inamwagwa. Kuna njia ya kumwaga bonge nene linalopitishwa kwenye roli likiwa moto, halafu likiwa baridi. Kuna njia ya mkato ya kumwaga moja kwa moja katikati ya roli mbili ili litoke bati jembamba. Ya pili ni nafuu na inatosha kwa sahani na vyombo visivyo na kina. Kwa sufuria ndefu, bati la njia ya kwanza kwa kawaida huaminika zaidi kwa sababu chembe zake za ndani zimevunjwavunjwa na kupangika sawasawa. Muulize muuzaji lake ni la njia gani.

Tatu, linakatwa mviringo. Hesabu hii ikumbuke hata kama utanunua bati ukate mwenyewe: ukikata duara kutoka kwenye mraba, zaidi ya moja kwa tano ya bati inabaki kama vipande vya kona. Ukizipanga duara kwa kupishanisha safu, kama mayai kwenye trei, unaokoa sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ukingo nao lazima utoke laini. Ukiwa na meno, mpasuko utaanzia hapo.

Nne, kupashwa moto ili kurudisha ulaini. Kiwandani tanuri hufika takriban nyuzi 350 hadi 400, na duara hukaa humo kwa saa kadhaa. Moto mdogo unaacha bati gumu. Moto mwingi au wa muda mrefu kupita kiasi unakuza chembe za ndani, na ukivuta, ukuta unatoka na mikunyanzi midogo kama ganda la chungwa. Sufuria itapika, sawa, lakini mteja hataishika mara mbili.

Mafundi wa mikono wana ujanja wao. Alumini haiwi nyekundu ikipata moto kama chuma, kwa hivyo ukisubiri ibadilike rangi, itaporomoka kama dimbwi. Wao huchora mstari wa sabuni ya kawaida juu ya bati, halafu hupitisha moto taratibu. Mstari ukigeuka kahawia kuelekea weusi, joto limefika, moto unaondolewa. Ujanja huu unasaidia kwa kipande kimoja au viwili, na hasa kwa wanaokereza, bati linapoanza kukataa katikati ya kazi. Kwa duara mia, nunua zilizolainishwa kiwandani.

Piga hesabu kabla ya kuagiza

Hesabu hii haihitaji digrii. Mimi mwenyewe niliachia chuo njiani na naiweza.

Tuseme unataka sufuria yenye kipenyo cha sentimita 20 na kina cha sentimita 10. Zidisha kipenyo kwa chenyewe: 20 × 20 = 400. Kisha zidisha 4 kwa kipenyo kwa kina: 4 × 20 × 10 = 800. Jumla ni 1,200. Tafuta kipeo chake cha pili kwa simu yako: karibu 34.6. Hiyo ndiyo duara ya sufuria isiyo na mdomo. Sufuria zetu zina ule ukingo bapa wa kushikia kwa kitambaa, na lazima ubaki na kidogo cha kupunguza. Fanya sentimita 37.

Sasa gawanya 37 kwa 20. Unapata 1.85. Kwa alumini laini, mvuto wa kwanza hukubali takriban 1.8 hadi 2. Kwa hivyo uko ndani ya mpaka, ila huna nafasi ya kuchezea: bati likiwa gumu kidogo au mafuta yakipungua, litapasuka. Ukitaka sufuria ndefu kuliko hiyo, utavuta mara mbili, pengine na kulainisha tena katikati. Hiyo ni gharama ya pili. Iweke kwenye bei mapema.

Uzito nao. Duara ya sentimita 37 yenye unene wa milimita 1.5 ina gramu kama 435. Yenye milimita 1 ina gramu kama 290. Mia moja za milimita 1.5 ni kilo 43 na nusu. Muuzaji akikuuzia kwa idadi huku unene halisi ukiwa milimita 1.4, amekupunja karibu kilo tatu kwa kila duara mia, na hujui. Mzani na maikromita ndivyo vifaa vya kwanza kununua, kabla ya presi yenyewe.

Kuhusu skrapu

Najua unachowaza. "Skrapu si ni rahisi? Si tuyeyushe tu?"

Kuyeyusha alumini kuukuu si dhambi. Kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha upya, na viwanda vikubwa duniani hufanya hivyo. Shida ni mchanganyiko. Pistoni za magari zina silikoni nyingi na shaba. Mkebe wa soda peke yake una aina mbili za alumini, mwili aina moja na kifuniko aina nyingine. Ukiyeyusha vyote pamoja bila kupima, unapata chuma kigumu kisichovutika. Ndiyo maana sufuria nyingi za skrapu hazivutwi kwa presi. Humwagwa kwenye kalibu ya mchanga, zikatoka nene, nzito na zenye uso wa kukwaruza.

Na kuna jambo zito kuliko biashara. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vyombo 15 vilitoa mikrogramu 1 au zaidi ya madini ya risasi kwa kila kipimo cha chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua. Risasi hiyo haitoki kwenye alumini safi. Inaingia na skrapu isiyojulikana asili yake.

Sisemi hivi kuwadharau mafundi wa jua kali. Wametupikia kwa miaka mingi na wengi wana mikono ya dhahabu. Nasema fundi stadi akipewa malighafi chafu, ustadi wake hauwezi kuitoa risasi ndani ya sufuria. Na wewe unayenunua duara una uwezo ambao anayeokota skrapu hana: unaweza kudai karatasi inayoonyesha kilichomo.

Kumbuka pia upande wa sheria. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa mitambo ya umeme. Mpaka sasa biashara hiyo inataka leseni. Alumini ya bei ya kutupa inaweza kuwa waya ya mtu, na polisi wakija hawatauliza ulikuwa unapika nini.

Siku ya kununua

Ukifika kwa muuzaji, usikimbilie bei. Fanya haya kwanza.

Omba cheti cha kiwanda. Kinapaswa kuonyesha namba ya alumini, herufi ya ulaini na vipimo vya kemikali. Linganisha na lebo iliyo kwenye furushi.

Pima unene sehemu tano za duara moja: katikati na pande nne. Vipimo vikitofautiana sana, ukuta wa sufuria utakuwa mnene upande huu na mwembamba upande ule.

Omba kipande chembamba cha bati lile lile, ukikunje kwa mkono mpaka kilale. Laini hulala kimya. Gumu hurudi nyuma kama springi.

Tazama uso kwenye mwanga. Mikwaruzo mirefu, mafundo na madoa meupe ya maji ni ishara mbaya. Duara zilizorundikwa zikiwa na unyevu kati yake hupata madoa ambayo hayatoki kwa kusugua, kwa hivyo hata wewe ukishanunua, ziweke pakavu na zilizofunikwa.

Kisha nunua kumi tu. Zivute zote. Angalia mdomo wa kila moja kabla ya kuupunguza: utakuta unapanda na kushuka kama mawimbi, mara nyingi sehemu nne. Mafundi huita masikio. Yanatokana na jinsi bati lilivyopitishwa kwenye roli. Masikio madogo ni kawaida. Yakiwa marefu utakata bati jingi na sufuria itatoka fupi kuliko ulivyopanga, kwa hivyo hesabu yako ya sentimita 37 haitatosha. Andika ngapi zimepasuka, na zimepasukia wapi. Zikipasukia kitakoni zote, huenda bati ni gumu, pete imebana au mafuta ni machache. Badilisha kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua mkosaji ni nani.

Ukiridhika ndipo uagize mia, na udai ziwe za furushi lile lile ulilojaribu. Furushi jingine ni jaribio jingine.

Kabla ya kuuza, utahitaji pia kibali cha alama ya ubora kutoka kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS. Taasisi ya KIRDI nayo ina maabara na huduma kwa wenye biashara ndogo. Watu wengi huona ofisi hizi kama kikwazo, lakini karatasi ya maabara inayosema sufuria yako haina risasi ndiyo tangazo ambalo jirani yako anayeyeyusha pistoni hawezi kulilipia.

Na kama wewe si wa kutengeneza, wewe ni wa kupika tu, bado haya yanakuhusu. Sufuria ya kuvutwa ina uso laini ndani na nje na unene unaolingana. Ya kumwagwa ina vipele na vishimo, na ni nzito kwa ukubwa wake. Usilaze mchuzi wa nyanya au kitu chenye ndimu kwenye alumini usiku kucha, maana asidi huila. Ikiwa ya kumwagwa huijui asili yake, itumie kuoshea nguo, uji wa mtoto upikie kwingine.